UZI: "Msituingilie" ilianzia wapi, na inamkinga nani?

Kila baada ya miezi michache inatokea. Balozi wa nchi fulani anaandika mistari mitatu kuhusu mambo yetu, upande mmoja unapiga makofi, upande wa pili unasema hiyo ni kuingilia mambo ya ndani ya taifa huru. Ngoja mwaka upite, uchaguzi upite, uone: waliopiga makofi sasa ndio wanalia, na waliolia ndio wanapiga makofi. Hapa Ikutha pale steji nimesikia ubishi huu mpaka gari la Kibwezi likajaa na kuondoka, watu bado wanarushiana maneno dirishani.

Sasa tukae chini tuuchambue. Sheria ya nyuzi hizi mnaijua: hakuna jina la mwanasiasa, hakuna jina la chama. Leo hata wale wa zamani siwataji. Nitasema Waziri Mkuu, nitasema Rais, imetosha. Nikitaja jina tu, nusu ya watu wataacha kusoma na kuanza kutukanana.

Twende.

Maneno "kutoingilia mambo ya ndani" hayakuanzia kwa msemaji wa serikali wa juzi. Kwa upande wetu wa Afrika yaliandikwa rasmi Addis Ababa, tarehe 25 Mei 1963, kwenye mkataba ulioanzisha Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ule tuliouita OAU. Kifungu cha tatu kinataja kanuni saba. Ndani yake kuna usawa wa nchi zote, kutoingiliana mambo ya ndani, kuheshimu mipaka, kulaani mauaji ya kisiasa na uchochezi kutoka nchi jirani, na kutofungamana na upande wowote wa wakubwa. Kenya ilikuwa bado haijapata uhuru siku hiyo. Tulipata Desemba 12 mwaka huo huo, na siku nne baadaye tukaingia Umoja wa Mataifa. Kwa hiyo tulizaliwa tukiikuta kanuni mezani, na serikali mpya ikaichukua kuwa msingi wa sera yake ya nje.

Kwa nini watu wa 1963 walikuwa na hamu nayo hivyo? Kwa sababu ya Kongo. Hili likikupita, mengine yote hutayaelewa.

Kongo ilipata uhuru Juni 30, 1960. Siku kumi hivi baadaye majeshi ya Ubelgiji yalikuwa yamerudi, bila kualikwa na serikali mpya, ati kulinda raia wao. Julai 11 jimbo la Katanga, lenye shaba, likajitangaza nchi, na nyuma yake walikuwa Wabelgiji na kampuni ya madini. Januari 1961 Waziri Mkuu wa kwanza wa Kongo aliuawa huko huko Katanga. Bunge la Ubelgiji lenyewe lilikuja kuchunguza miaka arobaini baadaye na serikali yao ikakubali kwamba ilikuwa na lawama ya kimaadili. Sasa fikiria wewe ni kiongozi wa nchi ya Afrika ambayo bado ina miezi tu au mwaka mmoja wa bendera. Umeona jirani ameingiliwa kabla hata wino wa katiba haujakauka. Hata wewe ungetaka karatasi inayosema "msiniingilie".

Kwa hiyo mwanzo wake haukuwa ujanja wa viongozi wa kujificha. Hofu ilikuwa ya kweli. Lishikeni hili, maana huko mbele nitakuwa mkali kidogo.

Sisi Wakamba tuna sababu yetu ya kuijua hadithi hii kwa karibu. Ikutha hapa wamisionari Wajerumani wa Kilutheri walijenga kituo mwanzoni mwa miaka ya 1890, kabla reli haijafika popote. Ilipokuja vita ya 1914, Mwingereza aliwaona Wajerumani hao kuwa adui, wakaondolewa. Vita ya wazungu kule kwao, na matokeo yake yakaonekana kwenye kanisa la kijijini Ukambani! Na vijana wa huku wakabebeshwa mizigo ya jeshi kuelekea Tanganyika, ndiyo ile Kariako tunayoisikia. Halafu jeshi la Keya likaendelea kuandika Wakamba kwa wingi kupita hesabu yetu nchini, kwa ile imani ya wakoloni kwamba kuna makabila ya kivita na makabila ya jembe. Uhuru ulipofika, kambi zilijaa watu wetu.

Na hapo ndipo sera ilipata mtihani wake wa kwanza. Wiki sita tu baada ya uhuru.

Januari 1964 ilikuwa mwezi mbaya Afrika Mashariki. Tarehe 12 mapinduzi Zanzibar. Tarehe 20 wanajeshi wa Tanganyika waliasi kambi ya Colito, Dar es Salaam. Tarehe 23 wakaasi wa Uganda kule Jinja. Tarehe 24 jioni ikawa zamu yetu: batalioni ya kumi na moja ya Kenya Rifles, kambi ya Lanet karibu na Nakuru. Madai yalifanana kote. Mshahara mdogo, na maofisa bado ni wazungu. Bendera imebadilika lakini anayekupigia kelele asubuhi kwenye gwaride ni yule yule wa mwaka jana. Walitarajia kusikia habari ya nyongeza ya mshahara, hawakuisikia, wakavunja ghala la silaha.

Serikali zote tatu zilifanya jambo moja. Zilimwita Mwingereza.

Hapa Kenya askari wa Uingereza hawakuhitaji hata kusafiri, kwa sababu walikuwa bado wako nchini. Walizingira Lanet, mwanajeshi mmoja Mkenya akafa, kesho yake mambo yakatulia. Wengine wakashtakiwa mahakama ya kijeshi, batalioni ikavunjwa. Tanganyika nayo iliokolewa na makomando walioshuka kutoka manowari ya Kiingereza alfajiri ya Januari 25.

Hebu tuulize swali ambalo kwenye runinga huwa linakwepwa: je, huko kulikuwa kuingiliwa? Serikali iliyochaguliwa ndiyo iliyoita. Kisheria ukimwalika mtu nyumbani kwako hajakuingilia. Lakini mwanajeshi aliyekuwa ndani ya Lanet, aliyedai kwamba uhuru uonekane mpaka kwenye mshahara wake, aliona bunduki ya mkoloni inarudi kumnyamazisha kwa jina la serikali yake mwenyewe. Kwake neno "tumewaalika" halikuwa na uzito mkubwa. Mimi nadhani pande zote mbili zilikuwa na haki ya kuudhika, na ndiyo maana jambo hili ni gumu.

Angalia majirani walivyolimaliza, maana hapa kuna funzo ambalo sisi huwa tunaliruka. Kiongozi wa Tanganyika aliona aibu, na hakuificha. Februari 1964 aliita mkutano wa dharura wa OAU Dar es Salaam, akawaeleza wenzake kwa nini aliwaita Waingereza, akaomba jeshi la Kiafrika lije lishike nafasi yao. Nigeria ikatuma kikosi mwaka huo huo. Jeshi la zamani likavunjwa, likaundwa jipya. Yaani aliukiri msaada wa nje hadharani, akauwekea mwisho, na akahakikisha mwisho huo umefika.

Kenya ilichukua njia nyingine. Mwaka huo huo 1964 tukakubaliana na Uingereza: askari wao wa kudumu waondoke, lakini waendelee kuja kufanya mazoezi, na wao watusaidie kwa mafunzo na vifaa. Kuondoka waliondoka. Kuja hawajaacha mpaka leo, waulize watu wa Nanyuki. Mwanamke wa huko aliyeuawa mwaka 2012, moto wa Lolldaiga wa Machi 2021, kesi zote unazosikia za fidia, mizizi yake ni makubaliano ya miaka ile. Sisemi makubaliano yalikuwa mabaya moja kwa moja. Jeshi letu lilijifunza mengi. Nasema tu kwamba mtu anayepaza sauti leo "hatutaki wageni watuingilie" huku hajawahi kusoma mkataba wa ulinzi, huyo anapigana na balozi wa Twitter na kuacha kambi nzima nyuma ya mgongo wake.

Sasa turudi Kongo, maana mwaka 1964 Kenya haikuwa mtazamaji tu. Tulikuwa mwenyekiti.

Kulikuwa na uasi mashariki mwa Kongo, wapiganaji waliojiita Simba, kwa Kiswahili hiki hiki tunachoandika. Agosti 1964 waliuchukua mji wa Stanleyville, ambao leo ni Kisangani. Serikali ya Leopoldville wakati huo iliongozwa na mtu yule yule aliyekuwa ameitenga Katanga miaka minne nyuma, si dunia ni duara? Akaajiri mamluki wazungu, wengi kutoka Afrika Kusini na Rhodesia, na Marekani ikampa ndege na silaha. Waasi nao walipata msaada wao kutoka nchi kadhaa za Afrika na za kambi ya mashariki. Waasi wakawashika mamia ya wageni kuwa mateka.

Septemba, OAU ikaunda tume maalum ya Kongo, na mwenyekiti wake akawa Waziri Mkuu wa Kenya. Tume ikasema waziwazi: mamluki waondoke, wageni waache kumwaga silaha, Wakongo wazungumze wenyewe. Ujumbe wa tume ulipotaka kwenda Washington kumwomba Rais wa Marekani asimamishe msaada wa kijeshi, hakuwapokea. Kwa jibu la Marekani, serikali halali ya Kongo ndiyo iliyoomba msaada, kwa hiyo huwezi kujadili jambo hilo bila yenyewe.

Umeona hapo? Hoja ni ile ile ya Lanet. "Tumealikwa." Hoja iliyotufaa Januari ndiyo iliyotuzibia mlango Septemba.

Novemba mazungumzo yakaletwa Nairobi. Waziri Mkuu wetu akawa katikati, upande mmoja mwakilishi wa waasi, upande mwingine balozi wa Marekani, habari ikiwa ni kuwaachilia mateka. Mazungumzo hayo hayajapoa, alfajiri ya Novemba 24 askari wa miavuli wa Ubelgiji wakaangushwa Stanleyville kutoka kwenye ndege za Marekani. Mateka wengi mno waliokolewa. Makumi waliuawa palepale waasi walipoanza kufyatua risasi. Na Wakongo waliokufa siku zile na wiki zilizofuata, kwa mikono ya waasi, ya mamluki na ya jeshi la serikali, walikuwa maelfu, na hao hawakuandikwa kwenye kurasa za mbele za magazeti ya Ulaya.

Nairobi palichemka. Watu waliandamana. Ile ilikuwa dharau ya wazi: mwenyekiti wa Afrika yuko mezani, na wakubwa wameshaamua bila yeye. Desemba 30 Baraza la Usalama likapitisha azimio nambari 199 likizitaka nchi zote ziache kuingilia Kongo na kuhimiza OAU iendelee na juhudi zake. Azimio zuri. Ndege zilikuwa zimekwisha kutua.

Lakini tuseme na upande wa pili, maana tusiposema tutakuwa kama wale wa vipindi vya usiku. Ungekuwa na ndugu yako kati ya mateka wale, ungeomba nini? Mazungumzo yaendelee wiki nyingine? Na wale Waafrika waliochinjwa na waasi mjini humo kwa kosa la kuwa wasomi au makarani wa serikali, nani alikuwa anawatetea? Kanuni ya kutoingilia haikuwa na jibu kwa watu hao. Ilizungumza na serikali tu, mwananchi wa kawaida haimo ndani yake.

Mwaka uliofuata Kenya ikaanza kuitumia kanuni hii pande zote, na hapa nadhani tulikuwa na msimamo wa kueleweka. Aprili 1965 meli ya Kisovieti ilileta silaha Mombasa, serikali ikazikataa. Mei mwaka huo msafara wa malori yenye silaha za Kichina, kutoka Tanzania kwenda Uganda, ukakamatwa ndani ya Kenya, huko Nyanza Kusini, umepita bila ruhusa yetu. Uganda ikaomba radhi, silaha zikaachiliwa baadaye. Na mwaka huo huo ikatoka ile Sessional Paper Nambari 10, inayosema Kenya haitafuata ubepari wa kuachia kila kitu soko wala ukomunisti wa vitabuni, na haitakuwa kibaraka wa nchi yoyote. Maneno mazuri. Ila ukiangalia pesa zilitoka wapi na mafunzo ya jeshi yalitoka wapi, utaona mizani iliegemea magharibi. Kutofungamana kwetu kulikuwa na kiti cha kupendelea.

Desemba 1965 kikaonekana. Wazungu wa Rhodesia walikuwa wamejitangazia uhuru wao Novemba 11, OAU ikaamua kwamba Uingereza isipowakomesha ifikapo Desemba 15, wanachama wavunje nao uhusiano wa kibalozi. Tanzania ilivunja siku ile ile, na ikapoteza mkopo wa pauni milioni 7.5 iliokuwa imeahidiwa. Nchi chache zilifanya hivyo. Kenya haikuvunja. Ukitaka kujua bei ya msimamo, ni hiyo: pauni milioni saba na nusu, kwa nchi maskini, mwaka 1965. Wengine watasema Tanzania ilijiumiza bure kwa sababu Rhodesia haikuanguka mpaka 1980. Wengine watasema ndiyo maana Dar es Salaam ikawa makao ya wapigania uhuru wa kusini. Bishaneni, mimi nishaweka figa mezani.

Tufike mahali panapouma. Kaskazini.

Kabla ya uhuru, tume ya Waingereza ya 1962 ilikuta kwamba Wasomali wengi wa iliyokuwa Northern Frontier District walitaka kujiunga na Somalia. Uingereza ikaamua Machi 1963 kwamba eneo hilo libaki Kenya, Somalia ikavunja uhusiano nao. Vita ikaanza, ile tunayoiita ya Shifta. Hali ya hatari ilitangazwa Desemba 28, 1963, nchi ina siku kumi na sita. Kwa Kenya hii ilikuwa kuingiliwa kwa wazi: jirani anawapa silaha raia wako wakupige. Na Afrika ilituunga mkono. Cairo, Julai 1964, viongozi wa OAU waliamua kila nchi iheshimu mipaka iliyoikuta siku ya uhuru. Somalia na Morocco hazikukubali. Oktoba 28, 1967 Kenya na Somalia zikatia sahihi Arusha, Rais wa Zambia akiwa mpatanishi, vita ikaisha kwenye karatasi.

Hapo sera ilishinda kwa kila kipimo. Tulizuia nchi kugawanywa bila mkubwa yeyote wa Ulaya kuja kupatanisha. Waafrika wenyewe, kwa mazungumzo.

Lakini ngao hiyo hiyo iliyozuia Mogadishu ndiyo iliyozuia macho ya mtu mwingine yeyote. Hali ya hatari Kaskazini Mashariki iliendelea mpaka 1991, miaka ishirini na minne baada ya kutia sahihi Arusha. Watu waliwekwa kwenye vijiji vya kuzingirwa, mifugo ikachukuliwa, na Februari 1984 yakatokea mauaji ya Wagalla, Wajir. Nani nje aliuliza? Kama mtu angeuliza angeambiwa ni mambo ya ndani. Wakenya wenyewe walisoma maelezo kamili kwenye ripoti ya tume ya ukweli na haki ya 2013. Sisi wa Kitui Kusini tunaopakana na Tana River, tunaolalamika kila kiangazi ngamia wakiingia mashambani, mara nyingi tunazungumza na majirani wa kaskazini kana kwamba historia yao ilianza jana. Haikuanza jana.

Niingize kidogo ya mbali. Desemba 2, 1823, Rais wa Marekani aliwaambia wafalme wa Ulaya wasirudi kutawala nchi za Amerika ya Kusini na Kati zilizokuwa zimejikomboa. Ukisoma leo utadhani ni hotuba ya OAU. Ikapita miaka themanini, mwaka 1904 Rais mwingine wa huko huko akaongeza kwamba nchi hizo zikishindwa kujiendesha au kulipa madeni, Marekani ndiyo itaingia kuzinyoosha. Na iliingia kweli, Haiti, Jamhuri ya Dominika, Nikaragua. "Msiwaingilie" ikawa "ni mimi tu wa kuwaingilia". Somalia ilituingilia, Kenya ikapinga; Oktoba 2011 jeshi la Kenya likavuka mpaka kuingia Somalia. Sababu zilikuwepo, utekaji nyara na mashambulizi, na baadaye askari wetu wakaingizwa kwenye kikosi cha Umoja wa Afrika. Lakini tukubali kwamba siku ile sisi ndio tuliokuwa upande wa pili wa sentensi.

Je, kanuni yenyewe bado ipo kama ilivyokuwa? Hapana, na hapa ndipo wabishi wengi wanapokosea. Afrika iliibadilisha yenyewe. Baada ya Rwanda 1994, ambapo karibu watu laki nane waliuawa kwa siku mia moja huku kila mtu akiangalia, viongozi walikaa Lomé Julai 2000 na kuandika sheria ya kuanzisha Umoja wa Afrika. Kifungu cha nne bado kinakataza nchi mwanachama kuingilia mambo ya mwenzake. Lakini aya ya (h) ya kifungu hicho hicho inaupa Umoja haki ya kuingia kukiwa na uhalifu wa kivita, mauaji ya kimbari au uhalifu dhidi ya binadamu. Kwa hiyo mtu akikuambia "Afrika haiingiliani", mwambie asome mpaka mwisho wa ukurasa.

Na sisi tulionja. Januari 2008 nchi ikiwaka, jopo la wazee wa Umoja wa Afrika likaja Nairobi, na mkataba ukatiwa sahihi Februari 28. Zaidi ya watu elfu moja walikuwa wameshakufa. Sikumbuki mtu wa Ikutha aliyesimama kusema wale wazee warudi kwao. Miaka michache baadaye kesi zilipoenda The Hague, ghafla neno "uhuru wetu" likarudi midomoni, na baadhi ya walioomba kesi ziende huko ndio waliolalamika zilipofika.

Sasa sheria ya leo, maana kuna jambo watu hawalijui na liko ndani ya Katiba ya 2010. Kifungu cha 240, aya ya nane. Baraza la Usalama wa Taifa linaweza kutuma majeshi yetu nje, na linaweza kukubali majeshi ya kigeni kuingia Kenya, lakini kwa idhini ya Bunge. Yaani ule mwaliko wa Januari 1964, uliofanywa usiku mmoja na watu wachache, leo lazima upite kwa mbunge wako. Neno "tumewaalika" sasa lina mwenyewe wa kuulizwa.

Januari 2024 Mahakama Kuu ilitumia kifungu hicho kuhusu Haiti. Ikasema Baraza hilo haliwezi kutuma polisi nje kwa njia hiyo, kwa sababu kinachozungumzwa pale ni majeshi, na polisi si jeshi. Serikali ikatafuta njia nyingine, ikatia sahihi makubaliano na Haiti Machi mosi, na kundi la kwanza likatua Port-au-Prince Juni 25, 2024. Mnakumbuka Juni 25 Nairobi ilikuwaje. Haiti ile ile ya 1904 niliyoitaja, safari hii walioingia ni watoto wetu, wamealikwa na serikali ambayo raia wengi wa huko hawakuichagua, na pesa nyingi za operesheni zilitoka Marekani. Kuna watu makini wanaoona ni udugu wa Waafrika na watoto wa Afrika waliopelekwa ng'ambo. Kuna watu makini wanaoona tumekuwa mkono wa mtu mwingine. Kwa historia niliyoeleza, hakuna upande unaoweza kusema mwenzake ni mjinga.

Kuhusu mikopo na ile lami ya Kibwezi mpaka Kitui inayopita hapa kwetu na Mutomo, ambayo najua wengi mlikuwa mnangoja niifikie: kuingiliwa kwa njia ya deni ni uzi wake peke yake. Kwa leo nitasema tu kwamba watu wa 1963 walijua. Kampuni ya madini ya Katanga haikuwa na bendera, na iliitikisa Kongo kuliko nchi nyingi zenye bendera.

Kwa hiyo mara nyingine mwanasiasa wa upande wako akisema "wasituingilie", muulize anazungumzia nani hasa: askari wa miavuli wa Stanleyville, au mtu aliyeuliza juu ya Wagalla? Na akisema "tumewaalika", muulize Bunge lilipiga kura siku gani.

Wenye vitabu vya Hansadi za 1964, leteni kurasa. Wenye babu waliokuwa Lanet au kwenye mpaka wa Kaskazini, waandikeni walivyosimulia kabla hawajatutoka. Ila majina ya viongozi, tafadhali, yaachieni mlangoni.